Oksijeni, Uvimbe wa Ubongo na Ujumbe Ule wa WhatsApp

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wahamasishaji wa afya ya jamii na wakazi, Msambweni. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.



Nianze kwa kuwaambia kwamba mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari. Kazi yangu ni kuwauliza wanaojua, kusoma walichoandika, kisha kuwaletea kwa lugha ya nyumbani. Leo nimeombwa nizungumzie ujumbe wa WhatsApp ambao wengi wenu mmeupokea. Wahamasishaji wanasema siku hizi wakiingia nyumbani kwa mtu wanaonyeshwa simu kabla hata hawajapewa kiti.

Ujumbe wenyewe, kwa ufupi, unadai hivi: kwamba Mjerumani mmoja aitwaye Otto Warburg alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1931 kwa kugundua kuwa saratani huletwa na upungufu wa oksijeni mwilini, kwamba saratani haiwezi kuishi penye oksijeni, kwamba madaktari wanalijua hilo na wanalificha, na kwamba kuna maji ya chupa yenye oksijeni nyingi yatakayokuponya, hata kama uvimbe uko ndani ya ubongo. Mwisho kabisa kuna nambari ya kutuma pesa.

Nina sababu yangu pia ya kukubali kusimama hapa. Mjomba wangu, na nyote mnajua kwetu Kwale mjomba ni nani, alianza kuanguka kifafa akiwa na miaka 52. Utotoni hakuwahi kuanguka hata siku moja. Tulisema ni jini. Baadaye tukasema ni presha. Alipokuja kupigwa picha ya kichwa, mkono wa kushoto ulikuwa umeshalegea, na tukaambiwa ni glioblastoma, saratani inayoanzia ndani ya ubongo wenyewe na ambayo kwa watu wazima ndiyo iliyo kali na inayoonekana zaidi kati ya saratani za aina hiyo. Kati ya siku ile na siku ya upasuaji alikuja mtu akatuuzia katoni nne za maji ya oksijeni. Ili tulipe, tulimuuzia jirani mavuno ya mikorosho ya msimu mzima kabla miti haijatoa hata maua. Na aliyetuma pesa zile kwa simu ni mimi. Mwandishi wa habari mwenye digrii, na sikumuuliza yule bwana swali hata moja.

Basi tuyaulize leo.

Swali la kwanza: huyo Warburg yupo kweli? Yupo, na Nobel ya 1931 alipewa kweli. Lakini alipewa kwa kazi yake kuhusu jinsi seli zinavyotumia oksijeni kupumua, hakupewa kwa kugundua chanzo cha saratani. Ni kweli pia aliona kwamba seli za saratani huchoma sukari kwa njia isiyohitaji oksijeni, hata pale oksijeni inapokuwepo, na yeye mwenyewe aliamini hicho ndicho kiini cha ugonjwa. Waliokuja baada yake wakaonyesha kwamba saratani huanza na mabadiliko katika vinasaba vya seli. Mambo ya oksijeni huja baadaye, uvimbe ukishaanza kukua.

Hapo ndipo ujumbe ule unapochukua jambo la kweli na kuligeuza miguu juu. Kweli yenyewe ni hii: ndani ya uvimbe kama ule wa mjomba oksijeni huwa kidogo sana. Sehemu nyingine haipo kabisa.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta. Umejaa mishipa midogo ya damu kwa sababu hiyo, maana oksijeni ikitoka kwenye mshipa haiwezi kusafiri mbali ndani ya nyama. Inafika chini ya milimita 0.2, tuseme unene wa nywele mbili au tatu zikilazwa pamoja. Sasa seli za uvimbe zinazaana haraka kuliko mishipa inavyoweza kujengwa. Walio karibu na mshipa wanapata hewa, walio nyuma yao wanakabwa, na katikati wanakufa. Ukitazama kipande cha glioblastoma kwa darubini ya maabara unaona kitovu kilichokufa, na kandokando yake seli zimejipanga safu kama watu wanaokimbia moto. Hiyo ni moja ya alama ambazo wataalamu huzitumia kuutambua ugonjwa.

Kwa hivyo mgonjwa hakukosa oksijeni kwa sababu anapumua vibaya. Mnakikumbuka kile kidude cha kubana kidole, cha wakati wa korona? Mjomba alibanwa kidole siku aliyolazwa, kikasoma 98. Damu yake ilikuwa imejaa oksijeni. Ilikuwa haifiki ndani ya uvimbe, basi.

Mngetarajia uvimbe uliokosa hewa udhoofike. Mimi nilitarajia hivyo. Lakini twende Gazi kidogo. Mliotembea kwenye ule ubao wa kina mama unaopita katikati ya mikoko mnajua lile tope. Likanyage, juu ni kijivu, chini ni jeusi na linanuka kama yai viza. Oksijeni hamna mle. Mti wa kawaida ukipandwa pale unakufa. Lakini mchu umeota mizizi iliyosimama wima kama penseli, inatoka nje ya tope kuvuta hewa, na ukastawi mahali ambapo wengine hawawezi. Mikoko inisamehe kwa kuifananisha na ugonjwa, maana inatulindia samaki na pwani yetu, ila sijapata mfano mzuri kuliko huo. Seli ya saratani iliyokosa oksijeni haikai ikasubiri kufa. Inajipanga upya.

Inafanya hivyo kwa kutumia mtambo ambao sisi sote tunao. Kila seli yetu hutengeneza protini iitwayo HIF. Oksijeni ikiwa ya kutosha, HIF inavunjwa muda mfupi tu baada ya kutengenezwa. Oksijeni ikipungua, haivunjwi. Inaingia ndani ya kiini cha seli na kuwasha mamia ya vinasaba. Kwa mtu mzima wa afya ni neema. Wanariadha wetu wakifanya mazoezi Iten, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, mfumo huo ndio unaouambia mwili uongeze chembe nyekundu za damu. Wanasayansi watatu waliotufunulia siri hiyo, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, walipewa Nobel ya tiba mwaka wa 2019. Mnaona, hata Nobel ya oksijeni ya kweli ipo. Haiko kwenye ule ujumbe kwa sababu haiuzi maji.

Ndani ya uvimbe mtambo huo unatumika vibaya. Kwanza unaita mishipa mipya, lakini inajengwa haraka haraka, imepinda, inavuja, na kuvuja kule ndiko kunakovimbisha ubongo na kuleta maumivu ya kichwa. Pili unaifanya seli ichome sukari kwa wingi bila oksijeni, na taka yake ni asidi. Tatu, na hili ndilo lililonishangaza zaidi niliposoma, unausaidia uvimbe kujificha kutokana na kinga ya mwili.

Kinga ya mwili ina askari, aina ya chembe nyeupe za damu, ambao kazi yao ni kutambua seli iliyoharibika na kuiua. Askari hawa nao wanahitaji sukari na hewa. Wakiingia ndani ya lile tope la asidi wanachoka. Juu ya hayo, seli za uvimbe zilizokosa oksijeni huzidisha kuvaa alama fulani kwenye ngozi yao, na alama hiyo ikimgusa askari inamkanyagia breki. Ametumwa kuua, anafika, anasimama. Kisha uvimbe unawaita walinzi wa aina nyingine, zile chembe ambazo kwa kawaida humeza vijidudu na kusafisha vidonda. Penye oksijeni kidogo walinzi hao hugeuka tabia. Wanaanza kufanya kazi ya kuponya kidonda, na kidonda wanachokihudumia ni saratani: wanailetea mishipa, wanawatuliza askari. Katika glioblastoma chembe za namna hiyo zinaweza kuwa theluthi ya uvimbe wote au zaidi. Yaani sehemu kubwa ya kile kilichokuwa kichwani mwa mjomba ilikuwa walinzi wake mwenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo la pili ambalo mmekuwa mkiniuliza, na hili si utapeli. Ni dawa za kweli. Mwaka wa 2018 James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Nobel kwa kugundua jinsi ya kuondoa zile breki za askari. Dawa zinazofanya hivyo tunaweza kuziita tiba ya kuamsha kinga. Zimebadilisha kabisa matibabu ya saratani kadhaa, ile ya ngozi iitwayo melanoma na baadhi ya saratani za mapafu zikiwemo. Zinajulikana hapa Kenya, na bei yake inaumiza. Nimeona zaidi ya familia moja hapa Kusini ikifungua mchango wa dawa hizo kwa mgonjwa wa uvimbe wa ubongo, na kila mara anayetajwa kwenye ujumbe wa mchango ni Jimmy Carter.

Habari ya Carter ni ya kweli. Agosti 2015, rais huyo wa zamani wa Marekani, akiwa na miaka 90, alitangaza kwamba melanoma imeenea mpaka kwenye ubongo wake. Alifanyiwa upasuaji, akapigwa mionzi, akapewa dawa ya kuamsha kinga iitwayo pembrolizumabu. Desemba mwaka huohuo akasema picha hazionyeshi saratani tena. Alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Lakini angalia: uvimbe wa Carter ulikuwa mgeni kichwani. Ulitoka kwenye saratani ya ngozi, na melanoma mara nyingi ina mabadiliko mengi sana ya vinasaba, hata askari wanaitambua kwa urahisi. Glioblastoma ina mabadiliko machache, imezaliwa mlemle ndani ya ubongo, ina askari wachache ndani yake, na ina lile tope. Seneta John McCain, wa Marekani pia, aligunduliwa kuwa nayo Julai 2017. Alifariki Agosti 2018, pamoja na hospitali zote walizo nazo kule.

Na haikuachwa bila kujaribiwa. Wagonjwa 369 ambao glioblastoma yao ilikuwa imerudi waligawanywa makundi mawili. Nusu wakapewa nivolumabu, dawa ya kuondoa breki, na nusu wakapewa bevasizumabu, dawa ya zamani inayozuia mishipa ya uvimbe. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2020: nusu ya wagonjwa wa kundi la kwanza waliishi zaidi ya miezi 9.8, na nusu ya kundi la pili zaidi ya miezi 10. Hakuna tofauti. Oksijeni si sababu pekee, na yeyote atakayewaambia ni moja tu msimwamini, hata akiwa mimi. Ila kuondoa breki ya askari aliyechoka, peke yake, katikati ya tope, hakujatosha.

Kwa hivyo kabla ya kufungua mchango, kabla ya kuuza shamba, muulizeni daktari maswali mawili. Uvimbe huu umeanzia kwenye ubongo au umetoka mahali pengine? Dawa hii imewahi kujaribiwa kwa uvimbe wa aina hii hasa, na ikawaje? Daktari mzuri hatakasirika. Akikasirika, tafuteni wa pili.

Turudi kwenye maji. Pumzi moja ya kawaida, hii niliyovuta sasa hivi, ina oksijeni zaidi ya ile iliyomo kwenye chupa nzima ya maji hayo. Na samaki ana matamvua ya kutoa hewa ndani ya maji. Sisi tumboni hatuna matamvua. Ukiyanywa utacheua. Hayo ndiyo maji ya afadhali. Kuna wanaouza haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa povu kwenye kidonda, wakiiita tiba ya oksijeni ya kunywa. Hiyo ikiwa kali inachoma koo na tumbo na inaweza kuingiza mapovu ya hewa ndani ya damu. Ukiiona kwenye nyumba ya mgonjwa usiinyamazie.

Vijana wa Diani mnaozamisha watalii mtanisaidia hapa. Watu hudhani mitungi yenu ina oksijeni tupu. Ina hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, si ndiyo? Na mlifundishwa kwa nini: oksijeni tupu ukishuka nayo chini ya mita 6 hivi inaweza kukuletea degedege humohumo majini. Oksijeni nyingi chini ya shinikizo huwasha kifafa kwa mtu mzima wa afya. Sasa mtu anayeanguka tayari umfungie mtungi chumbani, kisa fowadi ya WhatsApp?

Haki itendeke lakini. Madaktari wenyewe waliliwaza hilo miaka mingi kabla ya WhatsApp. Walijua tangu miaka ya 1950 kwamba seli zisizo na oksijeni huvumilia mionzi mara mbili na nusu hadi tatu kuliko zenye oksijeni, wakajaribu kuwapiga wagonjwa mionzi wakiwa ndani ya vyumba vya shinikizo la oksijeni. Kwa baadhi ya saratani za kichwa na shingo kulikuwa na nafuu, pamoja na madhara pia, na haikuwa tiba ya kawaida. Njia iliyozaa matunda zaidi ni kuufuata ule mtambo wenyewe. Agosti 2021 Marekani iliidhinisha dawa ya vidonge iitwayo belzutifani, inayozuia aina moja ya HIF, kwa watu wenye ugonjwa wa kurithi unaoitwa VHL, ambao huota uvimbe kwenye figo na hata kwenye ubongo. Ni kundi dogo la watu, na haitibu glioblastoma. Lakini imetoka mojakwamoja kwenye elimu hii niliyowasimulia.

Wahamasishaji, hili sasa ni lenu. Maumivu ya kichwa karibu yote si uvimbe, msiwatie watu hofu. Lakini mtu mzima akianguka kifafa kwa mara ya kwanza maishani, huyo anahitaji picha ya kichwa. Vilevile anayeamka na kichwa kinachouma pamoja na kutapika, kikizidi wiki hadi wiki, anayelegea upande mmoja, anayepoteza kuona, aliyebadilika tabia mpaka mkewe anasema huyu si yule. Sisemi asiombewe. Aombewe, na apelekwe. Zahanati iandike rufaa ya Msambweni, na kutoka Msambweni, ikibidi, avuke Likoni kwenda Coast General. Ajisajili na SHA mapema kwa kupiga *147#, na familia iulize kikomo cha malipo ya saratani kabla matibabu hayajaanza, isije ikakikuta katikati ya safari.

Na mwambieni mgonjwa jambo ambalo sisi hatukuambiwa mapema: uvimbe wa ubongo si lazima uwe saratani. Kati ya uvimbe unaoanzia kichwani penyewe, aina inayoonekana zaidi inaitwa meningioma, inaota kwenye utando unaoufunika ubongo, mara nyingi hukua polepole, na wengi hukatwa wakapona. Huwezi kujua ni upi bila picha na bila kipande kupimwa maabara.

Kwa mjomba, picha ya mapema isingemponya. Tiba ya glioblastoma tangu 2005 ni upasuaji, mionzi ya wiki sita na vidonge vya temozolomidi, na katika utafiti ulioanzisha tiba hiyo nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 14.6, badala ya 12.1 kwa mionzi peke yake. Miezi miwili na nusu. Inaonekana kidogo ukiisoma ofisini. Mjomba aliishi miezi kumi na mitatu, na katika hiyo alimwoza binti yake, ameketi kwenye kiti mbele ya watu, akipokea mikono kwa ule wa kulia.

Jambo moja nilitaka kusahau. Wagonjwa hawa hupewa vidonge vya deksamethasoni vya kupunguza uvimbe wa ubongo. Kuna mtu atasoma mahali kwamba dawa hiyo hupunguza nguvu za kinga, na ni kweli, kisha atamwambia mgonjwa aitupe. Kuiacha ghafla ni hatari. Dozi hupunguzwa na daktari, kidogokidogo.

Nimezungumza kuliko nilivyopewa. Afisa wa kliniki yuko hapa mbele kwa maswali ya kitabibu, na yeyote aliyeuziwa maji hayo aniletee chupa au picha yake baada ya kikao, hata kama anaona haya. Mama pale nyuma mwenye leso nyekundu, nimekuona umeinua mkono tangu nikiwa Gazi. Karibu.